Mwanafunzi Asipoonekana Chuoni, Nani Huuliza?

Vijana wa jamaa yetu wakijua kwamba mimi ni mtu wa kalamu, na kwamba nashika ukurasa unaochapisha mashairi, wana desturi ya kuniletea tungo zao nizitazame kabla hawajazitoa hadharani. Mwaka juzi, mwezi wa Machi, mpwa wangu aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha bara aliniletea beti tano kwa simu. Nilikuwa kazini, na kurasa zilikuwa zikingojewa. Nikazipitia mbio mbio. Nikaona kwamba katika ubeti wa tatu mshororo mmoja ulikuwa na mizani tisa badala ya nane, na kina cha kati kilikuwa kimemponyoka. Nikamwandikia: "Ubeti wa tatu umekushinda. Hesabu mizani tena." Akanijibu: "Ahsante, mjomba." Mambo yakaishia hapo.

Laiti ningaliyasoma maneno yenyewe! Beti zile zilisimulia mtu aliyeingia baharini kwa miguu, maji yakimpanda kidogo kidogo mpaka shingoni, na walio ufukoni wakimpungia mikono kwa furaha wakidhani anaogelea. Mimi, ambaye kwa miaka karibu thelathini nimewaambia watunzi wachanga kwamba shairi ni ujumbe kwanza na hesabu baadaye, niliisahihisha hesabu na ujumbe nikaupita.

Wiki ya tano baada ya hapo dada yangu, mamake kijana, akanipigia simu alfajiri. "Kaka, mtoto wangu leo siku ya sita simu yake haipatikani. Nimemtumia pesa, hakusema ahsante, na yeye si mtoto wa kupokea pesa akanyamaza." Usiku ule nikapanda basi, asubuhi nikabadilisha gari Nairobi, na adhuhuri nikawa nagonga mlango wa chumba chake, katika jumba la kupanga lililo nje ya ua wa chuo. Mlinzi wa ploti alinihakikishia kwamba kijana yule ni mpole, hana makelele, hana wageni, na kodi yake imelipwa mpaka mwisho wa mwezi. Kwa kipimo chake, hakukuwa na mpangaji bora kuliko huyo.

Sitaeleza yote niliyoyaona mlango ulipofunguliwa. Yatosha kusema kwamba dirisha lilikuwa limezibwa kwa shuka, na kwamba kijana niliyemjua mnene wa uso alikuwa amebaki macho. Aliniamkia kwa adabu zote, akanisogezea kiti, kisha akaniuliza: "Mjomba, kwa nini umejisumbua?" Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Sasa sikiliza, msomaji wangu, jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Siku ya pili nilikwenda kwenye idara yake kueleza kwamba kijana ni mgonjwa na ninamrudisha nyumbani. Karani alikuwa mtu mwema. Alinitolea karatasi za mahudhurio ili anionyeshe kwamba mpwa wangu hana kosa lolote. Na kweli hakuwa nalo. Wiki zote saba ambazo hakutia mguu darasani, jina lake lilikuwa limetiwa sahihi, mara kwa wino wa buluu, mara kwa wino mweusi, kwa miandiko mitatu tofauti. Wenzake walikuwa wakimtilia sahihi ili asije akazuiliwa kufanya mtihani kwa kukosa masomo. Walifanya kwa mapenzi, wala siwalaumu. Lakini ndani ya karatasi zile mpwa wangu alikuwa mwanafunzi asiyekosa hata siku moja, ilhali yeye mwenyewe alikuwa amelala gizani umbali wa kutembea dakika kumi.

Chuo chenyewe sitakitaja. Nikikitaja, vingine vyote vitashusha pumzi na kusema si sisi.

Huenda msomaji akauliza: haya ni mambo ya madaktari, yameingiaje katika ukurasa wa utamaduni? Yameingia kwa mlango wa lugha. Sisi watu wa pwani twalitumia neno "chuo" kwa mambo mawili. Chuo ni pale mtoto alipoanzia alifu na bee, mbele ya mwalimu, juu ya jamvi. Na tukiongeza "kikuu" ndipo pale kijana anapokwenda kutafuta digrii. (Wazee wetu wa zamani walisema "chuo" pia kwa maana ya kitabu, ndiyo sababu mwenye elimu akaitwa mwanachuoni.) Neno ni moja, lakini utaratibu wa kuangaliana haukupanda pamoja na neno.

Katika chuo changu cha utotoni, miaka ya sabini ikielekea mwisho, tulikuwa watoto arubaini na kitu. Mwalimu wetu hakuwa na daftari la majina. Alikuwa akitupa macho mara moja tu, kisha husema: "Mwana wa fulani yuko wapi?" Wawili wetu wakubwa hutumwa nyumbani kwao hapo hapo. Ukiwa umetoroka kwenda kuogelea, utaletwa mzobemzobe na bakora itakungoja. Ukiwa na homa, wale wajumbe watarudi na habari, na jioni mwalimu mwenyewe atapita kukujulia hali, pengine na kombe la kukunywesha. Haikuwezekana mtoto kukosekana siku mbili bila ya mtu kubisha hodi kwao.

Sitaki kuyapaka asali yale yaliyopita. Bakora niliyoitaja ilikuwa bakora ya kweli, na alama yake moja ninayo mpaka leo. Palikuwa na mwenzetu mmoja, mwenye sauti ya kupendeza kuliko sote, aliyeanza siku moja kunyamaza. Akawa haongei, hali, anatazama ukuta. Ikasemwa ana pepo. Akapungwa, akafukizwa, akafungiwa chumba cha nyuma ili wageni wasimwone, na jina lake likaacha kutajwa mbele ya watu. Kwa hivyo najua vyema kwamba kujua mtu hayupo ni jambo moja, na kujua la kumfanyia ni jambo la pili. Lakini la pili haliwezi kuja kabla ya la kwanza, na huko vyuo vikuu hata la kwanza limetushinda.

Tuangalie ni nani huyu tunayemzungumzia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kujitegemea mwaka 1970, wanafunzi wake walikuwa wachache hata mhadhiri akawajua wengi wao kwa majina ya baba zao. Leo nchi hii ina wanafunzi wa vyuo vikuu zaidi ya nusu milioni, na kuna madarasa ambayo wanafunzi husikiliza wakiwa wamesimama madirishani. Kijana wa kwanza katika sekondari ya kijijini kwao huingia humo akakuta kila aliyeketi kando yake naye alikuwa wa kwanza kwao. Mara nyingi hata somo analolisoma hakulichagua: aliomba uuguzi, kompyuta ikampangia takwimu. Ameacha nyumba yenye mama, shangazi na majirani, ameingia chumba kimoja chenye kitasa. Na umri wake wenyewe ndio umri wa hatari, kwa kuwa wataalamu wameshapata kwamba maradhi mengi ya akili yanayomsumbua mtu maishani, kadiri ya robo tatu yake, huanza kabla ya mtu kutimiza miaka ishirini na mitano. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba zaidi ya watu 720,000 hujitoa uhai kila mwaka, na kwamba mwaka 2021 jambo hilo lilikuwa la tatu katika sababu za vifo vya wenye miaka 15 hadi 29. Kwa maneno mengine, tumewakusanya vijana mahali pamoja katika miaka ile ile ambayo wanahitaji kuangaliwa zaidi, kisha tukawaachia wajiangalie.

Juu ya hayo kuna pesa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imekuwapo tangu 1995, na kila mzazi mwenye mtoto chuoni ajua jinsi mkopo unavyoweza kuchelewa mpaka mtihani ukaribie. Mwaka 2023 serikali ikaleta mtindo mpya, ambao mwanafunzi hupimwa uwezo wa kwao, kisha akawekwa katika daraja: fungu hili ni ufadhili, fungu hili ni mkopo, na fungu hili litoke mfukoni mwa mzazi. Malalamiko yalikuwa mengi, kwamba mtoto wa mchuuzi wa samaki amewekwa daraja la mtoto wa wakili. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mtindo ule wakiuka Katiba, na serikali ikakata rufani. Wakubwa wakibishana mahakamani, kuna msichana mahali fulani ambaye chai ya asubuhi ndiyo pia chakula chake cha mchana. Wengine huutia ule mkopo wenyewe katika kamari za simu kwa tamaa ya kuuzidisha, wakabaki na deni na aibu pamoja. Wengine hufanya mtihani vizuri, kisha maksi zao zikapotea ofisini na wakaambiwa warudie. Nimeongea na vijana kadhaa tangu safari yangu ile, na naweza kushuhudia kwamba aghalabu hakuna jambo kubwa moja lililowaangusha. Ni kijiti juu ya kijiti.

Mpwa wangu alikuwa na vijiti vyake. Siku tulipokuwa ndani ya basi tukirudi, alinisimulia mpaka tukafika Mtito Andei, kisha akalala. Nilimwuliza swali moja tu: kwa nini hukusema? Akanijibu: "Nilisema, mjomba. Nilikuletea shairi."

Hapa narudi kwenye lugha, kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu. Watu husema kwamba Kiswahili hakina maneno ya maradhi haya, na ndiyo maana hayazungumzwi. Hasha! Tuna simanzi, tuna majonzi, tuna kihoro cha mtu aliyefiwa, tuna jakamoyo la mwenye kungoja asilolijua, tuna fadhaa, tuna sonona ya moyo unaokula wenyewe polepole. Mama zetu husema "roho imeniinama" na kila aliye jikoni huelewa. Husema pia "fulani ana mawazo", na maana yake si kwamba ana fikira nzuri, bali kwamba fikira zimemzidi. Tatizo si uchache wa maneno. Tatizo ni kwamba haya yote ni ya wanawake na wazee. Kijana wa kiume akiyasema huchekwa, na akishindwa kuyasema tunampa neno moja tu lililobaki, nalo ni wazimu. Hospitali ya Mathari ilipoanzishwa mwaka 1910, wakoloni waliipa jina la nyumba ya wendawazimu. Jina lile lilibadilishwa zamani, lakini ndimi zetu hazikubadilika. Huko Nairobi mtu akitaka kumdharau mwenzake humwambia aende Mathari, na hapa Mombasa twasema apelekwe Port Reitz. Basi ni kijana gani atakayekwenda kwa hiari yake mahali ambapo jina lake ni tusi?

Na sheria nayo ilikuwa upande wa tusi. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya jinai, tulichoachiwa na Mwingereza, kilisema kwamba mtu akijaribu kujitoa uhai na asifaulu ni mkosaji, na aweza kufungwa hadi miaka miwili au kutozwa faini. Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu iliposema kwamba kifungu hicho hakipatani na Katiba. Fikiria basi, zaidi ya miaka sitini ya uhuru, mtoto wa mtu akiokolewa kutoka mauti alikuwa na khofu ya kuamkia mikononi mwa polisi. Nimekutana na wazazi ambao mpaka leo hawajapata habari ya hukumu hiyo, na ambao wakipatwa na mtihani kama huo watamficha mtoto wao badala ya kumpeleka kwa daktari. Nawaomba wenye misikiti na makanisa wawatangazie.

Nikishaitaja misikiti, lazima niseme na wenzangu tuliokaa juu ya jamvi moja. Nilipomrudisha mpwa wangu nyumbani, mzee mmoja ninayemheshimu alinivuta kando akaniambia kwa upole kwamba kijana huyu imani yake imelegea. Angalishika swala, haya yasingalimpata. Sikumjibu siku ile kwa sababu ya umri wake. Namjibu leo kwa heshima. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakapofuka kwa huzuni. Je, imani ya nabii ililegea? Na Imamu Ghazali, ambaye hakuna mwanachuoni asiyemjua, alikuwa mwalimu mkuu wa Nizamiyya ya Baghdad, na wanafunzi mia tatu wakimsikiliza, ulipomfika mwaka 1095 nao akiwa na miaka kama thelathini na saba. Ulimi ukamfunga. Alisimama afundishe na neno lisitoke. Chakula kikawa hakimpiti kooni. Matabibu wakasema ugonjwa umetoka moyoni, wao hawana dawa yake. Ameyaandika hayo kwa mkono wake mwenyewe, bila ya haya. Aliacha kazi, akaondoka Baghdad, na alikaa zaidi ya miaka kumi kabla hajarudi kusomesha madrasani. Hakuna aliyesema kwamba Ghazali ameshindwa na masomo.

Kabla yake alikuwapo Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliyetunga kitabu kizima cha afya ya mwili na afya ya nafsi. Humo aliitenga hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, kila kimoja na tiba yake, na akasisitiza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua. Na neno lake la wasiwasi ndilo hilo hilo letu. Kwa hivyo yule anayedhani kwamba daktari wa akili ni kitu cha Wazungu, na afungue vitabu vya kwao wenyewe. Mpwa wangu alisomewa na sheikh, na dada yangu akapata utulivu. Alipelekwa pia hospitali ya serikali, akaandikiwa dawa, na akapangiwa mshauri wa kuzungumza naye kila wiki. Sheikh yule yule, Mungu amzidishie, ndiye aliyetuambia tusiache dawa.

Basi vyuo vifanye nini? Nimesikia majibu makubwa makubwa, ya kujenga vituo na kuajiri madaktari. Ni mema, na Jopo la Afya ya Akili lililoongozwa na Dakta Frank Njenga lilipotoa ripoti yake mwaka 2020 liliona hali ni mbaya hata likapendekeza itangazwe kuwa janga la taifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa. Lakini madaktari wa fani hiyo ni wachache mno, na wengi wako Nairobi. Tukingoja mpaka kila chuo kiwe na wake, wajukuu wetu ndio watakaotibiwa.

Wazimbabwe hawakungoja. Mwaka 2006 daktari mmoja wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alijikuta hana pesa, hana vyumba, hana wauguzi. Akaenda mtaa wa Mbare, Harare, akawachukua akina nyanya 14, akawafunza namna ya kuuliza na kusikiliza, kisha akawaketisha juu ya mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mwenye dhiki huja akaketi na nyanya, wakaitazama shida moja baada ya nyingine. Washona wana neno lao la maradhi yale, nalo maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Yaani ni yale yale "mawazo" ya mama zetu. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na akina nyanya walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hapa kwetu kuna shirika liitwalo Shamiri, ambalo huwafunza vijana waliomaliza sekondari waongoze vikao vinne vya saa moja moja na wanafunzi, na utafiti wake wa Nairobi na Kiambu, uliotolewa mwaka 2021, ukaonyesha kwamba sonona na wasiwasi vilipungua. Wala sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Benchi la nje ya nyumba, watu wakaketi na kusemezana, ni baraza. Tumejenga nyumba kwa mabaraza karne nyingi kabla ya kuja vyuo vikuu. Tumewajengea vijana wetu mabweni bila ya baraza.

Ninalolidai ni dogo, na ndiyo maana sioni udhuru wa kulikataa. Kila sakafu ya bweni, na kila jumba la kupanga ambalo chuo chajua limejaa wanafunzi wake, pawe na mtu aliyefunzwa na anayelipwa chochote, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho au mama wa makamo wa mtaa ule, ambaye kazi yake ni moja: kujua nani hajaonekana siku tatu, na kwenda kubisha hodi. Asiende na karatasi. Aende na chai. Na ajue simu ya nani wa kuita akikuta lile lililo kubwa kuliko yeye.

La pili. Ofisi ya ushauri nasaha, vyuo vingi, iko chini ya yule yule mkuu wa maslahi ya wanafunzi ambaye pia husikiliza mashtaka ya nidhamu. Mlango ni mmoja, na wanaongoja hukaa benchi moja. Mwanafunzi akionekana pale, wenzake huuliza: umekosa nini? Ihamishwe. Hata chumba kimoja kando ya maktaba chatosha, maadamu atakayeingia asionekane kama mshtakiwa.

La tatu ni la kuahirisha masomo. Nilipomwombea mpwa wangu likizo ya ugonjwa nilizungushwa ofisi nne, na katika ofisi ya tatu nikaambiwa niandike "ugonjwa wa tumbo", eti litapita upesi. Aliyeniambia alinitakia mema. Nilikataa, nikaandika ukweli, na barua ikachukua wiki sita kurudi, na karo ya muhula ule ikapotea. Mtoto aliyevunjika mguu hulindiwa nafasi yake na huhurumiwa. Huyu naye amevunjika. Karo yake ingojee pamoja naye.

Kwa wazazi wenzangu sina mengi. Tunapopiga simu chuoni huwa tunauliza mambo mawili: umekula? unasoma? Kijana hujibu ndiyo na ndiyo, akakata. Mimi siku hizi humwuliza mpwa wangu jana jioni alikuwa na nani. Jawabu la swali hilo si rahisi kulidanganya, na likiwa "peke yangu" mara tatu mfululizo, natafuta nauli.

Alikaa nyumbani mwaka mzima. Miezi ya mwanzo alikuwa akimsaidia baba yake dukani bila ya kusema, kisha akaanza kwenda baharini na wavuvi, kisha akaomba vitabu vyake. Amerudi chuoni, bado anatumia dawa, na mwezi hupata siku mbaya mbili tatu ambazo sasa huzitaja kwa jina. Makala hii ameisoma kabla ya kupelekwa mtamboni. Alifuta mistari miwili iliyomhusu, akaniambia mingine iende. Shairi lake sikulichapisha, kwa sababu hakutaka.

Wasomaji mlio vyuoni, niandikieni kupitia ukurasa huu. Sitaki majina yenu wala ya vyuo vyenu. Nataka mnijibu jambo moja: uliponyamaza, zilipita siku ngapi kabla mtu hajabisha hodi, na alikuwa nani?